Kutoka Kigoma na Tabora hadi uzamivu wa sayansi ya tiba: mwongozo kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza

Mwongozo huu ni wako wewe uliyetoka Kasulu, Kibondo, Uvinza, Urambo, Sikonge au Nzega, unayesoma maabara ya tiba, bayolojia ya molekuli, famasi, udaktari wa watu au wa mifugo, na moyoni unautaka uzamivu, yaani PhD, hata kama hujamwambia mtu. Nimekaa na vijana wengi wa mikoa yetu wenye ndoto hiyo, na wengi wao hukwama mahali pamoja. Matokeo wanayo, tena mazuri. Wanachokosa ni ushahidi kwamba wamewahi kufanya utafiti kwa mikono yao, na mtu wa kuutolea ushahidi huo kwa maandishi. Kamati inayochagua wanafunzi wa uzamivu huanza na hayo mawili, kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inalenga kuyapata.

Kwetu mtafiti tumemzoea kama mgeni anayefika na gari, anachukua sampuli, anaondoka. Kumbe kazi kubwa za sayansi zimefanyika hapa hapa, na kwa mikono ya watu wa hapa. Chukua Gombe, hifadhi ya sokwe mkoani Kigoma. Jane Goodall, mtafiti Mwingereza wa sokwe, alifika pale Julai 1960, na dunia nzima inamjua. Mwaka 1975 wanafunzi wanne wa kigeni walipotekwa na waasi kutoka ng'ambo ya ziwa, walioendelea kuwafuata sokwe msituni na kuandika kumbukumbu za kila siku walikuwa wasaidizi wa Kitanzania. Mwaka 2009 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliotumia kumbukumbu za miaka mingi na sampuli za kinyesi na mkojo zilizookotwa chini ya miti ya Gombe, bila kumgusa mnyama aliye hai. Ulionyesha kwamba virusi vya SIV, ndugu wa virusi vya UKIMWI, huwaua sokwe wa porini kwa ugonjwa unaofanana na UKIMWI. Sampuli zilisafiri hadi maabara za Marekani. Kijana wa Kigoma anaweza kuwa mwokotaji wa sampuli, na anaweza pia kuwa yule anayezisubiri maabara akiwa na swali lake. Hilo la pili lina njia yake, na njia inaanza mwaka wa kwanza wa chuo.

Hatua ya 1: Jua unachokitafuta

Uzamivu wa sayansi ya tiba ni kazi ya utafiti ya miaka mitatu hadi sita, na mwishoni unatetea tasnifu yenye jambo jipya. Hautakufanya daktari wa hospitali. Nimewahi kumweleza hivyo mzazi aliyekuwa akimsubiri mwanawe arudi na koti jeupe hospitali ya Maweni, kwa hiyo waeleze wazazi wako mapema.

Njia ziko mbili kuu. Tanzania, na sehemu kubwa ya Ulaya, utatakiwa uwe na uzamili (masters) kwanza. Marekani unaweza kuingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Programu za tiba huko kwa kawaida hukulipia ada na kukupa posho ya kujikimu, na mwaka wa kwanza unapita maabara kadhaa kabla ya kuchagua msimamizi. Ni njia nzuri kwa mtoto wa mkulima wa tumbaku kwa sababu haimdai ada, ila ushindani wake ni mkali sana.

Hatua ya 2: Mwaka wa kwanza, shika masomo, na usisome peke yako

Vyuo vyetu hupima GPA kwa kipimo cha 5. Kuanzia 3.5 uko daraja la pili la juu, na kuanzia 4.4 daraja la kwanza. Uzamili unaweza kukupokea ukiwa na 2.7, lakini ufadhili wenye nguvu huanzia 3.5. Mwaka wa kwanza ndio unaowaangusha watoto wa shule za kata: Kiingereza cha mihadhara kinakwenda kasi, maabara yenye vifaa wanaiona kwa mara ya kwanza, na hesabu waliiaga kidato cha nne. Sapu moja ya baiokemia katika muhula huo utaikokota hadi siku ya kuhitimu.

Kuna programu moja ya Marekani ninayopenda kuitolea mfano. Inaitwa Meyerhoff, na ilianzishwa mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, wakati wanafunzi weusi wa Marekani walikuwa wachache mno katika uzamivu wa sayansi. Waanzilishi wake, akiwemo Freeman Hrabowski, walikataa kuwachukulia vijana hao kama watu wa kuhurumiwa. Waliwaingiza chuoni majira ya kiangazi kabla ya masomo kuanza, wakawafundisha kusoma kwa vikundi, wakawapeleka maabara za utafiti mapema, na wakawataka wafaulu kwa alama za juu. Kizzmekia Corbett, mmoja wa wanasayansi waliotengeneza chanjo ya UVIKO-19 ya Moderna, alipita humo.

Programu ile ni ya kwao, lakini mbinu zake hazina mipaka. Tafuta wenzako wanne au watano, mgawane mada, kila mmoja amfundishe mwenzake ubaoni Jumamosi. Anayeweza kueleza mzunguko wa Krebs bila kutazama daftari ameuelewa. Chagua somo la takwimu hata kama si la lazima, halafu jifunze programu ya R, ambayo ni ya bure na inaendeshwa hata na kompyuta ya zamani. Mtu wa maabara anayejua takwimu hakosi kazi.

Hatua ya 3: Tafuta swali lako nyumbani

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mtoto wa Kigoma au Tabora anamzidi mtoto wa Masaki. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza nchi nzima: asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa na vimelea. Ule wa mwaka 2022 ukaikuta Tabora kileleni, asilimia 23. Malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, una historia ndefu Kibondo, Kasulu na Urambo. Kichocho kipo. Mei 2015 kipindupindu kililipuka Kagunga wakimbizi wa Burundi walipojaa ufukweni. Mambo ambayo wenzako wanayasoma darasani, wewe umeyaona kwenu.

Lakini kuona ugonjwa hakutoshi. Lazima ulichokiona kigeuke swali linalopimika. Chukua jambo ambalo kila mhudumu wa zahanati wilayani Kasulu analijua. Mtoto alimaliza dawa mseto wiki mbili zilizopita. Leo ana homa kidogo, mama kamrudisha. Kipimo cha haraka kinatoa mistari miwili, yaani chanya. Hadubini haioni kimelea hata kimoja. Mhudumu anaandika malaria, mtoto anapewa dozi nyingine.

Mwanafunzi wa kawaida ataishia kusema kipimo kibovu. Wewe chimba. Vipimo vya haraka vinavyotumika zaidi hutafuta protini iitwayo HRP2, inayotolewa na kimelea cha falsiparumu. Protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa hiyo mistari miwili inaweza kuwa ya ugonjwa uliokwisha pona. Inaweza pia kuwa maambukizi mapya, maana kwenu mbu hawapumziki. Inaweza kuwa dawa haikuua vimelea vyote, na hili usilipuuze: Kagera, majirani wa Kakonko, watafiti wamekwisha kuripoti mabadiliko ya jeni ya K13 yanayoendana na usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto. Pembe ya Afrika, huko Eritrea na Ethiopia, tatizo limegeuka upande wa pili: vimelea vimepoteza jeni ya HRP2, na kipimo kinasema hakuna malaria wakati ipo.

Sasa una swali: kati ya watoto wanaorudi na mistari miwili ndani ya mwezi mmoja baada ya dozi, wangapi wana vimelea hai, na tutawatofautishaje? Kulijibu kunahitaji slaidi, PCR (kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kimelea), hesabu ya sampuli na kibali cha maadili. Hakuna mtu wa mwaka wa pili anayelijibu peke yake. Lakini aliyelitengeneza anaweza kuketi mbele ya mtafiti yeyote na wakazungumza.

Fanya hivi likizo inayofuata. Nunua daftari moja. Kila jambo la afya linalokushangaza kijijini, liandike kwa tarehe na mahali, kisha chini yake andika maelezo matatu yanayowezekana na jinsi ya kuyapima. Chuoni, tafuta makala mbili kwa kila jambo. PubMed Central ni ya bure, na maktaba nyingi za vyuo vyetu zina Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaofungua majarida ya kulipia. Mwulize mkutubi, ndiyo kazi yake.

Angalizo moja lenye uzito: andika uliyoyaona bila majina ya wagonjwa, na usichukue tone la damu la mtu yeyote kwa ajili ya udadisi wako. Sampuli ya binadamu bila kibali ni kosa, na linaweza kukufungia milango yote.

Hatua ya 4: Ingia maabara ya utafiti kupitia fildi

Wanafunzi wengi huipoteza fildi. Wanapelekwa mahali, wanajaza kitabu cha kumbukumbu, wanagongewa muhuri, wanaondoka. Wewe anza kutafuta nafasi Februari au Machi kwa ajili ya Julai. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo Tabora mjini, na vingine Mwanza, Mbeya, Tanga na Dar es Salaam. Ifakara Health Institute ina maabara Ifakara na Bagamoyo. Morogoro, Chuo cha Sokoine kina watu wanaochunguza magonjwa yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu, eneo zuri kwa aliyekulia kati ya ng'ombe na mapori. Gombe kuna kituo cha utafiti, na Kigoma mjini wapo TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, watu wa ziwa.

Barua ya chuo peke yake haikupi nafasi kwa mtafiti mwenye shughuli nyingi. Mwandikie mwenyewe, kifupi, kwa namna hii:

"Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa maabara ya tiba, nyumbani ni Kibondo. Nimesoma makala yenu kuhusu vipimo vya haraka vya malaria. Nimeelewa kwamba mlilinganisha kipimo na PCR. Ambacho sijakielewa ni kwa nini watoto waliotumia dawa mwezi uliotangulia waliondolewa. Natafuta nafasi ya fildi kuanzia Julai hadi Septemba. Nitakaa kwa shangazi Tabora mjini, kwa hiyo sihitaji malazi. Naweza kuandaa na kusoma slaidi za malaria na kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Nimeambatanisha wasifu wa ukurasa mmoja na matokeo yangu. Kama nafasi haipo, nitashukuru kuelekezwa kwa mtu mwingine."

Tazama kilichomo. Umesoma kazi yake na una swali la kweli. Umesema unachoweza, na umemwondolea mzigo wa malazi. Hakuna maneno ya kumsifu. Asipojibu baada ya siku kumi, mkumbushe mara moja kwa adabu, kisha andikia wengine. Ukimya wake mara nyingi maana yake ni kwamba ana barua nyingi.

Ukipokelewa, utaanza na kazi ndogo: kuosha vyombo, kubandika lebo, kusoma slaidi. Zifanye kwa usahihi uleule ambao ungeutumia kwenye kazi kubwa. Kwenye slaidi ya damu, vimelea huhesabiwa hadi utimize chembe nyeupe 200, kisha idadi hugawanywa kwa 200 na kuzidishwa kwa 8,000 kupata vimelea kwa kila maikrolita. Je, 8,000 imetoka wapi? Ni makadirio ya chembe nyeupe katika maikrolita moja ya damu, na si kila mtoto anazo hizo. Ukimwuliza msimamizi hilo wiki ya kwanza, wiki ya tatu atakuwa anakuita kwenye mikutano.

Hatua ya 5: Daftari la maabara

Kurasa zenye namba, wino, tarehe kila siku. Andika ulichofanya, namba ya toleo la kemikali, muda, jotoridi, na kilichoharibika. Ukikosea, piga mstari mmoja na uweke sahihi, usifute. Miaka miwili baadaye, kwenye usaili, utaulizwa jaribio lililoshindikana na ulifanya nini, na majibu yatakuwa humo.

Hatua ya 6: Mradi wa mwaka wa mwisho

Usichukue mada kwa sababu ni rahisi au kwa sababu aliyekutangulia aliifanya. Rudi kwenye swali lako la nyumbani, likate hadi libaki kipande kinachowezekana kwa miezi michache na kwa fedha ndogo ya utafiti uliyo nayo. Mara nyingi takwimu zilizokwisha kukusanywa na msimamizi wako zinatosha, na kibali kinakuwa chepesi. Kozi za bure za maadili ya utafiti na za taratibu za majaribio ya kitabibu ziko mtandaoni, nyingine zinatoa vyeti. Zimalize kabla ya kuandika andiko. Ukimaliza mradi, andika ikisiri ya maneno 250 na uitume kwenye kongamano la kisayansi la chuo au la NIMR. Bango moja lililosimamiwa na wewe mwenyewe lina nguvu kuliko vyeti kumi vya kuhudhuria.

Hatua ya 7: Watu watatu wa kukuandikia

Unahitaji barua tatu za mapendekezo, na angalau mbili zitoke kwa watu waliokuona ukifanya kazi. Barua ya mkuu wa idara asiyekujua husema ulihudhuria vizuri, na haifiki popote. Mwombe mwandishi wako wiki sita kabla, umpe wasifu, matokeo, rasimu ya maelezo yako, orodha ya vyuo na tarehe, na ukurasa mmoja wa kumkumbusha mambo mahususi uliyofanya kwake. Watu wetu wana heshima, wengi wanaona aibu kumsumbua mwalimu. Kumwomba barua si usumbufu. Kumwomba usiku wa mwisho ndio usumbufu.

Na nyinyi walimu wa vyuo mnaosoma hapa: binti wa Sikonge anayekaa kiti cha nyuma na kupata 4.2 kimya kimya hatakuja ofisini kwenu bila kuitwa. Mwiteni. Wapo wanawake wa Kitanzania walioongoza njia, kama Profesa Julie Makani wa Muhimbili aliyejenga utafiti wa selimundu unaoheshimika duniani, lakini mfano wa mbali haumsaidii binti kama hakuna aliyemwambia kwamba na yeye anaweza.

Hatua ya 8: Mwaka mmoja au miwili ya kati

Ukihitimu, usikimbilie kuomba uzamivu ukiwa mikono mitupu. Kazi ya msaidizi wa utafiti, hata yenye posho ndogo, huwa na faida kubwa. Uzamili wenye ufadhili ni njia nyingine: Erasmus Mundus na DAAD huchukua Watanzania, Taasisi ya Nelson Mandela iko Arusha, na Kilifi nchini Kenya kuna programu ya KEMRI-Wellcome inayolea watafiti chipukizi. Najua nyumbani wanakungoja, wadogo zako wana ada. Kaa na wazazi, waambie miaka na kiasi cha posho kwa uwazi, tuma kidogo unachoweza. Familia inayojua mpango huvumilia.

Kipindi hiki ndicho cha kunyoosha nyaraka. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA viwe na majina yale yale, herufi kwa herufi. Vikitofautiana, shughulikia sasa. Omba pasipoti kabla ya kuomba chuo. Utatakiwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo chake, na kwa sisi wa mkoa wa mpakani maswali ya uraia huweza kufika hadi kwa babu na bibi. Kukusanya karatasi hizo kutoka kijijini huchukua muda.

Hatua ya 9: Maombi

Programu nyingi za Marekani hufunga milango mwanzoni mwa Desemba, usaili ni Januari hadi Machi. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa Uingereza hufunga mapema zaidi, kwa hiyo Agosti uwe umekwisha kuchagua. Programu nyingi za tiba za Marekani zimeacha kudai GRE, mtihani wa kuingilia masomo ya juu. Mtihani wa Kiingereza mara nyingi unabaki. Ada ya maombi inaweza kuzidi dola 75 kwa chuo kimoja. Andikia ofisi ya udahili uombe msamaha wa ada, wengi wanao utaratibu huo na hawautangazi.

Chagua maabara kwanza, chuo baadaye. Kama hakuna watu wawili au watatu ambao ungependa kufanya kazi nao, usiombe hapo hata kama jina ni kubwa.

Kwenye maelezo binafsi, sentensi ya "tangu utotoni nimependa sayansi" imeandikwa na kila mtu. Anza na kazi: "Katika slaidi nilizosoma Tabora, watoto kadhaa waliokuwa na kipimo chanya hawakuwa na kimelea kinachoonekana. Nilitaka kujua kwa nini." Kisha eleza ulichofanya, ulichokosa, na unachotaka kujifunza kwao. Umaskini wa nyumbani utaje pale unapoeleza uamuzi uliofanya, kwa sentensi mbili, usiufanye ombi. Mpe msimamizi wako asome, kisha mpe mtu asiye wa fani.

Usaili huwa kwa mtandao. Umeme na intaneti vya nyumbani visikuangushe: omba ofisi chuoni au kwenye kituo cha utafiti, fika saa moja kabla, na ukumbuke tofauti ya saa. Wakikuuliza usichokijua, sema hujui, kisha eleza ungekitafutaje.

Ukikataliwa kote, waandikie wale waliokufikisha kwenye usaili uulize kilichopungua, na uombe tena mwaka unaofuata ukiwa umekiongeza. Ukikubaliwa, soma barua kwa makini: posho ni kiasi gani kwa mwaka, ni ya miaka mingapi, bima ya afya inalipwa na nani, nauli na ada ya viza ni za nani, na nini kinatokea msimamizi akihama. Waandikie wanafunzi wa Kiafrika walioko pale, waulize kodi ya chumba na jinsi msimamizi anavyoishi na watu wake. Vyuo vingi vya Marekani vinakupa hadi Aprili 15 kuamua. Ukiamua, vijibu vile usivyovichagua siku hiyo hiyo, kwa sababu kila nafasi unayoishikilia kuna mwenzako kwenye orodha ya kusubiri anayeingoja.